Siku Mwalimu Aliposhuka Kreta

Asubuhi za Karatu huja bila umbali. Unafungua mlango unakuta ukungu umefika kabla yako, mgrevilea wa jirani umebaki shina tu, na kengele za mbuzi zinapita barabarani bila mbuzi wenyewe. Nilipoanza kufundisha huku Ganako niliupenda ukungu huo kwa sababu ulinificha. Nilipita ndani yake kila siku kwenda shule, ndala miguuni, viatu vya kazi mkononi, nikiwaza jinsi nitakavyoondoka.

Niseme mapema ili nisimzungushe mtu: nilitaka kuacha ualimu. Loji moja kule mlimani, yenye maua mengi kuliko wageni, ilikuwa imenikubalia kazi ya mapokezi. Ningevaa sare, ningewakaribisha watu wachache kwa siku, na jioni gari la wafanyakazi lingenirudisha nyumbani. Walinipa mpaka mwisho wa mwezi niseme ndiyo au hapana. Ndiyo nilishaisema moyoni, ilibaki kuitoa mdomoni.

Watoto nilikuwa nawapenda, asije mtu akanisingizia. Ila walikuwa zaidi ya mia katika chumba kimoja, darasa la kwanza, wamebanana kwenye madawati, na waliokosa dawati wamekaa sakafuni chini ya ubao wakipokea unga wa chaki kichwani. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na mashine ikianza kuunguruma hata mawazo yangu yalitoka na pumba. Masika udongo mwekundu ulinivua viatu njiani. Na koo langu lilikuwa limeanza kukwaruza. Ikifika Alhamisi watoto wa nyuma waliona mdomo wangu ukicheza tu, hawasikii kitu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa kuwa nilijua linaishia wapi. Nilikuwa nafundisha pamoja na mtu aliyefika mwisho wa njia hiyo.

Alikuwa mama wa Kiiraqw, mrefu, mtulivu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa kiangazi na masika. Sehemu kubwa ya watu wazima wa Ganako walijifunza kusoma mbele yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla sijafika. Wengine walisema ni chaki, wengine vumbi, wengine walisema ni kule kushindana na mvua juu ya bati, mwaka hata mwaka. Kilichobaki ni mnong'ono ambao ilibidi umsogezee sikio ndipo uupate. Mtu mwingine angeomba kazi ya kukaa ofisini. Yeye aliendelea kufundisha kwa mikono.

Mkono wake wa kulia ukipanda, darasa zima linasimama. Kiganja kikishuka taratibu, wanakaa. Kidole chake kilichora herufi hewani, kubwa, bila haraka, na watoto wote wakaichora pamoja naye mpaka ukadhani chumba kinaogelea. Na mtoto akipatia, mwalimu aliweka kiganja kifuani mwake mwenyewe, akamtazama. Hakuna makofi wala pongezi, ni kile kiganja tu, na mtoto alikwenda nacho nyumbani akirukaruka njia nzima. Mimi nilikaa naye mwaka mzima nikijifunza, maana alikuwa anastaafu na darasa lingebaki kwangu. Hakuwahi kuniwekea kiganja kifuani hata mara moja. Iliniuma, na ukubwa wangu wote.

Wanafunzi wake wa zamani wako kila kona. Wapo wanaolima vitunguu na ngano, wapo sokoni, lakini wengi ni madereva wa watalii. Kustaafu kwake kulipokaribia wakaitana gereji moja mjini wajadili watampa nini, na mimi nikaalikwa kwa niaba ya shule. Nilikaa juu ya tairi nikiwasikiliza. Mmoja alitaka seti ya sofa. Mwingine alisema televisheni, akazomewa, kwa kuwa mwalimu hana muda na makelele. Wakakubaliana ng'ombe wa maziwa. Ndipo dereva mmoja wa Kimaasai, mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote akijifuta grisi vidoleni, akauliza swali.

"Jamani, huyu yeyo ameshawahi kushuka kreta?"

Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Kinyozi hajinyoi: watu wanavuka bahari kuja kuliangalia shimo hili la Ngorongoro, na sisi tunaoishi mlangoni mwake tunaliona kwenye kalenda. Mimi mwenyewe, mtoto wa vibarua wa kahawa waliotoka Singida, nimezaliwa Karatu na sikuwa nimewahi kushuka.

"Aisee, hii noma," akasema mmoja wao. "Tumewashusha Wazungu wa dunia nzima, Mwalimu tumemwacha juu."

Ikaamuliwa. Jumamosi kreta, ng'ombe baadaye. Wakanigeukia.

"Madam, na wewe unaenda. Wewe ndiye unayemsikia. Utakuwa mkalimani."

Jumamosi hiyo tulipita getini ukungu ukiwa mzito. Msitu ulikuwa unadondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na kwenye matawi zilining'inia zile ndevu za kijivu zinazoota juu ya miti ya huko. Mwalimu alikaa nyuma yangu na kitenge kipya, sweta yake ile ile, na mapajani hotipoti ya makande aliyokataa kabisa kuitua. Dereva wetu, mmoja wa wale wa gereji, alimweleza kwamba chakula kipo, kila mtu ana lanchi boksi yake. Mwalimu akaikumbatia hotipoti vizuri zaidi.

Kwenye ukingo tulisimama mahali ambapo wageni hupigia picha. Hakukuwa na kreta. Kulikuwa na weupe tu, kuanzia kwenye vidole vya miguu yetu mpaka mbinguni. Dereva aliona aibu, akasema itafunguka, tusubiri kidogo. Mwalimu hakuwa na shida. Aliutazama ule weupe muda mrefu, kisha akanivuta sikio.

"Kama daftari jipya," akanong'ona.

Tulipoanza kushuka, ukungu ulibaki juu yetu. Ghafla tukawa chini ya dari yake, na bonde lote likawa mbele, nyasi za rangi ya mkate, ziwa lenye ukingo wa waridi wa ndege heroe, na nyumbu wametawanyika hadi jicho linachoka. Gari lilikwenda polepole, nyasi zikisugua tumbo lake, na mimi nikasahau mashine, nikasahau matope, nikasahau hata ile loji. Nilihisi ninaota na kwamba nikikohoa nitaamka. Nilijizuia kukohoa, na kwa koo langu lile haikuwa kazi ndogo.

Mazoea yana taabu. Tulipofika tambarare dereva wetu alianza kumtembeza Mwalimu namna anavyotembeza wageni. Upande wako wa kushoto, Mwalimu, tuna pundamilia, na mbele yetu, ukibahatika, utaona mbweha. Alitaja majina kwa Kiingereza, akajishtukia, akayarudia kwa Kiswahili. Mwisho akauliza kama kuna swali. Mwalimu akanyoosha kidole, akaninong'oneza.

"Anauliza kama umekunywa chai," nikamwambia dereva.

Akampa darubini. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka machoni, lakini hakuielekeza kwa wanyama. Aliielekeza kwenye magari mengine.

"Yule kwenye gari la kijani alikuwa anakula chaki," akaninong'oneza. Akageuza darubini. "Na yule wa kofia alilia muhula mzima wa kwanza. Sasa ana tumbo."

Madereva wa kreta huongea wao kwa wao kwa redio za magari, na wana lugha yao ya kuficha. Simba wanamwita masharubu. Chui ni madoa ya juu, kwa sababu hupanda mti, na duma ni madoa ya chini. Wanafanya hivyo ili mgeni anayejua neno simba asijenge matumaini, halafu wafike wamkute simba amekwenda zake. Siku hiyo dereva wetu alichukua kipaza sauti akasema bila kuficha chochote.

"Jamani, nina Mwalimu hapa. Barabara ya ziwani, kabla ya kuvuka mto."

Redio ikakwaruza. "Mwalimu yupi?"

"Wa mikono."

Kisha nikaona vumbi limenyanyuka kule mbali chini ya ukuta wa kreta, na jingine upande wa msitu, na jingine ziwani. Magari yalikuwa yanakuja. Kreta ina kanuni ambayo kila mgeni huijua kabla ya chakula cha mchana: magari yakikusanyika, kuna simba, au kuna faru. Kwa hiyo watalii walifika wamesimama kwenye mapaa yaliyofunguka, kamera mkononi, wakitafuta kwenye nyasi. Hapakuwa na kitu kwenye nyasi. Walitafuta, wakaulizana, wakatafuta tena.

Kule chini huruhusiwi kupiga honi, kupiga kelele wala kushuka garini ovyo. Kwa hiyo hakuna aliyejua afanye nini. Magari yalizima injini moja baada ya jingine, na madereva wakabaki wanatazama upande wetu. Dereva wetu akafungua paa. Mwalimu akanikabidhi hotipoti hatimaye, akasimama, nami nikamshika sweta kwa nyuma asije akayumba. Alizungusha macho gari hadi gari. Hakuharakisha. Kisha akanyanyua mkono wa kulia.

Wakasimama. Wengine walipanda juu ya viti wakatokeza kichwa katikati ya wageni wao. Wengine hawakuweza, wakasimama kwa kuinama, kisogo kimegusa bati, mikono imenyooka ubavuni kama watoto wa darasa la kwanza. Dereva mmoja ambaye ni mtu wa Mto wa Mbu, hajawahi kusoma Ganako, naye alisimama. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekaa peke yake akaona wote wamesimama, akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia kwa nini. Upepo ulipita kwenye nyasi. Pundamilia mmoja alikohoa kwa niaba yangu.

Mwalimu akashusha kiganja, taratibu, na wote wakakaa. Halafu akakiweka kifuani.

Dereva wetu aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akabaki hivyo. Mimi nililia wazi wazi, nikasingizia vumbi, na hakuna aliyehangaika kunibishia.

Mchana tulikula karibu na bwawa la viboko, ambapo mtu anaruhusiwa kushuka. Madereva waliwaachia wageni wao maboksi yao wakaja kutuzunguka, na mwewe wakawa wanapita chini juu ya vichwa vyetu wakivizia mkate. Mwalimu alifungua hotipoti. Kila mmoja alipewa makande kidogo kwenye kiganja, kwa kuwa sahani hazikuwepo, na wanaume wenye ndevu walisimama foleni. Yule dereva wa Kimaasai ndiye aliyesemea wenzake. Alisema hawana cha kumlipa. Alisema ng'ombe ameshachaguliwa, ana mimba, ila kama Mwalimu anataka kingine aseme, leo ni siku yake.

Mwalimu akanivuta sikio. "Waambie asante."

"Mwalimu anasema asanteni."

"Waambie ng'ombe ni mzuri, lakini mimi wa kukata majani siyo tena."

Nikasema, wakacheka.

"Waambie mwalimu wa watoto wao anataka kuondoka."

Sikuwa nimemwambia mtu. Baadaye niligundua kwamba mtunza maua wa loji ile naye alichora herufi hewani akiwa mdogo, kwa hiyo siri yangu ilimfikia Mwalimu kabla hata mimi sijamaliza kuifurahia. Lakini pale bwawani nilibaki nimeduwaa.

"Amesemaje, Madam?"

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama viboko.

"Amesema mwalimu wa watoto wenu anataka kuondoka."

"Mwalimu gani huyo?"

"Mimi."

Akanivuta tena, safari hii kwa upole. "Sasa waambie kwa nini. Sababu zako sizijui zote. Na mimi sauti sina."

Nilianza kimkalimani, Mwalimu anasema hivi, Mwalimu anasema vile, kana kwamba mwalimu huyo ni mtu mwingine. Halafu ikanishinda, nikasema mimi. Nikasema kuhusu wale wa sakafuni. Nikasema kuhusu mashine, matope, na jinsi ninavyosahihisha madaftari magotini kwa sababu chumba hakitoshi meza. Nikasema nataka kurudi chuo mwaka mmoja nijifunze vizuri kufundisha wanaoanza kusoma, na hakuna anayeniuliza. Nikasema koo langu linakwisha. Na hapo hasira ikanipanda, hasira ambayo sikujua kama ninayo.

"Mnamletea ng'ombe anapoondoka! Alipokuwa na sauti mlimletea nini? Watoto wenu wako kwenye chumba kile kile mlichokaa ninyi, bati ni lile lile, mnapita pale kila asubuhi mnawapigia honi. Mnasubiri nami ninyamaze, halafu mnishushe kreta?"

Waliinamisha vichwa. Mwewe mmoja alishuka akanyakua kipande cha kuku mkononi mwa mtu, na mwenyewe hata hakushtuka. Nilijua nimeiharibu siku ya mzee wa watu. Niligeuka kumwomba radhi, nikakuta amenitazama, kiganja kiko kifuani.

Ningependa kusema mambo yaligeuka kesho yake. Wapi! Madereva waliahidi mengi pale bwawani, na ahadi za mtu aliyeshiba nazijua. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Loji walinipigia wakataka jibu. Nikaomba waniongezee muda, wakasema kwa adabu nyingi kwamba haiwezekani. Siku ya mwisho wa mwezi nilitoka nyumbani ndani ya ukungu wangu, simu mkononi, nimeshapanga maneno. Nilipofika shuleni nikajikwaa. Pembeni ya uwanja kulikuwa na lundo la mawe ambalo jana halikuwepo. Tripu moja ya lori, mawe ya msingi, imemwagwa alfajiri, hakuna aliyeacha jina wala salamu.

Nilisimama pale muda mrefu. Mawe yalikuwa na umande. Tripu moja haijengi hata choo. Nikapiga simu loji, nikasema hapana. Mama yangu aliposikia aliniita mwehu, na kwa siku kadhaa nilidhani amepatia.

Lakini haba na haba hujaza kibaba. Wazazi walichimba msingi, kina mama wakaleta maji kwa punda, mabati yakaja juu ya magari yaliyokuwa yanarudi matupu kutoka Arusha. Ng'ombe, kwa amri ya Mwalimu, aligeuka madirisha na madawati. Kilichosimama mwisho ni chumba cha pili cha darasa la kwanza na nyumba ya walimu yenye pande mbili, ambayo upande wa nyuma haujapigwa plasta mpaka leo. Kwa kuwa sasa palikuwa na pa kulala, tuliletewa mwalimu mwingine, na darasa la kwanza likagawanywa katikati. Likizo ijayo ikiisha naanza ule mwaka wangu wa chuo. Yule mwenzangu atanishikia watoto wangu mpaka nirudi, na ameshanionya nisichelewe.

Mwalimu huja kwangu asubuhi nyingi. Anakaa barazani nje ya darasa langu na kikombe cha chai, sweta yake ile ile, akisikiliza. Saa hiyo magari huteremka kutoka kwenye loji kwenda getini, taa zikiwa za njano ndani ya ukungu. Hawapigi honi siku hizi. Wanapunguza mwendo, na dereva anatoa mkono wa kulia dirishani, anaunyanyua juu kumsalimu Mwalimu.

Shida ni kwamba watoto wangu nao wanauona mkono huo kupitia dirishani. Niko katikati ya ba be bi bo bu, mara darasa zima linasimama. Watalii wanafurahi, wanapunga mikono. Somo limeharibika. Nakunja uso, nashusha kiganja, wanakaa. Kisha naanza upya, kwa sauti yangu ya kawaida, na wale wa nyuma kabisa wananiitikia.